Gemu ya nguva na filamu ya dakika nne

SWALI: Kaka, shikamoo. Ninatengeneza gemu ya majukwaa, zile za kuruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, ila yangu inachezwa chini ya maji. Mhusika ni nguva jike (yule mnyama wa baharini, si binti-samaki wa hadithi) anayemtafuta mtoto wake. Kuogelea kwake na ramani za hatua tatu za mwanzo vimekamilika, tatizo ni hadithi. Nimeandika kurasa nyingi za historia ya ufalme wa baharini, na adui ni mfalme wa giza wa kina kirefu. Kozi niliyonunua mtandaoni inasema gemu ianze na filamu fupi, ifuate hatua kumi na mbili za safari ya shujaa (kiolezo cha hadithi kinachotumiwa sana kwenye filamu), kisha madaftari na kanda za sauti zitawanywe njiani mchezaji aziokote. Nimeshampata msomaji wa sauti ya filamu ya dakika nne, na anataka malipo ya awali. Kipimo cha pumzi, kile kinachoonyesha hewa aliyobakiwa nayo mhusika, nimekiondoa kwa sababu rafiki zangu waliojaribu walisema kinaudhi. Je, nianze na filamu au madaftari? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mtu wa sauti mwambie asubiri.

Katika barua yako yote kuna sentensi moja iliyonishtua, nayo umeipitia haraka kana kwamba ni jambo dogo: kipimo cha pumzi umekiondoa. Yaani umemfukuza msimulizi uliyekuwa naye bure, sasa unatafuta wa kumlipa.

Barua za namna hii hunijia mara kwa mara, na kosa ni lilelile. Mtu anatengeneza gemu, anaimaliza, kisha anauliza hadithi aiweke wapi. Hadithi imekuwa tui la kumwagia juu ya wali ulioshaiva. Wali wa nazi haupikwi hivyo. Na gemu za chini ya maji ndizo zinazoumia zaidi kwa kosa hili, kwa sababu maji yenyewe yanaleta hadithi ambayo nchi kavu haina.

Ichukue Ecco the Dolphin, iliyotoka mwaka 1992 kwenye mashine ya Sega Mega Drive, mbunifu wake Ed Annunziata, ikatengenezwa Hungaria na kampuni ya Novotrade. Unaanza kwenye ghuba tulivu ukiwa pomboo kati ya pomboo wenzako. Hakuna adui, hakuna amri. Ukiwaimbia wanakujibu, na mmoja wao anakuuliza unaweza kuruka juu kiasi gani. Ukitaka, zunguka humo mpaka usiku uingie, hakuna kitakachotokea. Lakini ukizama, ukapata kasi, ukachomoka hewani kwa nguvu zako zote, kimbunga cha maji kinashuka na kuvuta kila kiumbe kilichokuwa pale. Unarudi majini peke yako. Ghuba ni ileile, wimbo wako ni uleule, ila sasa unaimba na hakuna wa kujibu.

Angalia kilichofanyika. Hujaoneshwa filamu. Hujasomewa unabii. Msiba umekuja kwa kidole chako mwenyewe kilichobonyeza kitufe, wakati unafanya jambo la furaha. Hakuna anayekwambia una hatia, na ndiyo maana unaihisi. Mbunifu amekufundisha kuogelea, kuimba na kuruka, akakupa familia, akakunyang'anya, yote kwa muda mfupi na maneno machache mno. Sasa linganisha na dakika nne za mtu anayesoma historia ya ufalme huku mchezaji ameshika kidhibiti mikononi akitafuta kitufe cha kuruka mbele.

Turudi kwenye pumzi. Gemu za majukwaa za nchi kavu zinasimama juu ya mambo matatu: kuruka, kutua na kuanguka. Shimo ndilo adui wa kwanza. Ukimtia mhusika majini, shimo linakufa, kwa sababu anayeogelea haanguki. Hapo kila mbunifu analazimika kutafuta kitu cha kuziba pengo. Kwenye Super Mario Bros. ya mwaka 1985 walifanya kila mbonyezo uwe pigo moja la kuogelea, na mashimo yakawa sehemu zinazokuvuta kwenda chini. Pumzi haikuhesabiwa kabisa. Sonic ya kwanza, mwaka 1991, ilikuja na njia nyingine: mhusika anakuwa mzito majini, muziki unabadilika ghafla na kukaza, namba zinahesabu kutoka tano kwenda sifuri juu ya kichwa chake, na wewe unatafuta kiputo cha hewa kama mwendawazimu.

Nina hakika rafiki zako wanaposema pumzi inaudhi, wana kumbukumbu ya namna hiyo. Na wana haki. Pumzi inaudhi inapokuwa adhabu ya ghafla isiyo na uhusiano na jambo lolote. Dawa yake ni kuipanga, kama unavyopanga umbali kati ya jukwaa na jukwaa. Pima njia ya kawaida ili mchezaji wa kawaida afike juu akiwa bado na akiba. Ondoa namba; acha mwili wa nguva uonyeshe, mapigo ya mkia yawe mafupi, sauti zififie, ukingo wa skrini uingie giza. Mwanga wa uso wa maji uonekane popote inapowezekana, ili macho yajue pa kukimbilia. Kisha kaza pale tu ambapo hadithi imekaza.

Nitakuonyesha kwa nini nasema pumzi ni msimulizi. Katika Ecco, pomboo ni mnyama wa kunyonyesha, hivyo ana vipimo viwili, kimoja cha uhai na kimoja cha hewa, na kila pango unaloingia unalipima kwa hewa uliyonayo. Unacheza hivyo kwa saa nyingi sana, kwa sababu gemu ile ni ngumu kupita kiasi. Annunziata mwenyewe alikuja kukiri kwamba aliifanya ngumu akihofia watoto wangeikodi na kuimaliza mwisho wa juma. Ukikaribia mwisho, kiumbe cha kale kiitwacho Asterite kinakupa uwezo mpya: wimbo wako unakuwa silaha, na haja ya kupanda juu kuvuta hewa inaondoka. Kwenye karatasi hiyo ni zawadi tu. Mikononi ni jambo zito, kwa sababu kitu kilichokusumbua tangu mwanzo, kilichokufanya uwe pomboo, kimetoweka, na unajua umeandaliwa kwa vita isiyo ya pomboo. Maadui, Vortex, ni viumbe wa sayari nyingine waliopoteza uwezo wa kujitengenezea chakula, wanaokuja kuvuna bahari yetu kila baada ya miaka 500. Na ili kuwafikia, Ecco anatumia mashine ya wakati ya Atlantis kurudi kwenye saa ileile ya kimbunga, safari hii akiacha kwa hiari kimvute pamoja na wenzake. Ule mruko wa mwanzo umepata maana bila mtu kuueleza. Sijui ni hatua ya ngapi kati ya zile kumi na mbili za kozi yako.

Mtu atanijibu: mbona ABZÛ haina kipimo cha pumzi, na inasifiwa? Ni kweli. Ilitoka mwaka 2016, studio ni Giant Squid inayoongozwa na Matt Nava, muziki ni wa Austin Wintory, na hakuna neno hata moja linalosemwa. Historia yake imechorwa kwenye kuta za magofu. Mpiga mbizi anaogelea bila kuhitaji hewa, nawe unadhani ni ukarimu wa mbunifu kwa mchezaji. (Ambaye hajaicheza aruke sentensi inayofuata.) Baadaye mpiga mbizi anajeruhiwa, ngozi inabanduka, na kumbe ndani ni mashine. Ile pumzi usiyoihitaji ilikuwa dalili iliyokaa mbele ya macho yako tangu mwanzo. Kwa hiyo sikukatazi kuondoa pumzi. Nakuuliza umeiondoa kusema nini. "Rafiki zangu waliudhika" si jibu la mbunifu.

Wewe una nguva, na hapo ndipo ninapokaribia kukuonea wivu. Nguva hukaa chini dakika chache tu, kisha lazima apande. Anakula nyasi za bahari kwenye maji mafupi. Anazaa mtoto mmoja, na mtoto huogelea akiwa amegandana na mama. Hizo ni kanuni za gemu tayari! Fanya mtoto awe na pumzi fupi kuliko mama. Katika hatua nzima ya kwanza, mama alazimike kupanda kwa kipimo cha mtoto, si chake. Mchezaji atanung'unika mara mbili tatu, kisha mkono utazoea kupanda mapema. Mtoto akishapotea, mama anaweza kukaa chini muda mrefu zaidi, kufika penye kina ambapo hakuwahi kufika. Nguvu zimeongezeka, na mkono wa mchezaji bado unapanda mapema. Nionyeshe msomaji wa sauti anayeweza kusema hilo kwa dakika nne.

Adui naye unaye. Umeniandikia kuhusu mfalme wa giza wa kina kirefu. Wa nini? Maeneo ya Rufiji, Mafia na Kilwa, ambako nguva wachache waliobaki Tanzania huonekana, hatari kubwa inayojulikana ni jarife, wavu wa kutega. Nguva akinasa kwenye wavu ule, kinachomuua ni kushindwa kufika juu. Yaani adui wa hadithi yako na kipimo ulichokifuta ni kitu kimoja. Hatua moja ya kujinasua wavuni, uso wa maji ukiwa unaonekana pale juu, itamfanya mchezaji ashike kidhibiti kwa nguvu kuliko bosi (adui mkubwa wa hatua) yeyote mwenye pembe. Na wala usimchore mvuvi kama shetani; mvuvi hata hayupo pale, wavu umetegwa tangu jana.

Kurasa zako za ufalme usizichome. Zisome wewe. Zikusaidie kujua kwa nini ukuta huu umebomoka na ule umesimama, nani alipita hapa na alikuwa anakimbia nini. Mchezaji aone ukuta.

Madaftari na kanda ndiyo yananikera zaidi. Mtindo huu ulipata umaarufu mkubwa kwa gemu kama BioShock ya mwaka 2007, yenye mji wa Rapture uliojengwa chini ya bahari. Lakini Rapture ni mji wa watu, wenye vyumba vikavu, sebule, zahanati na vinasa sauti mezani. Kanda kukutwa pale ni jambo la kawaida. Walioiga wamechukua kanda wakaacha mji. Daftari la nguva limeandikwa kwa pezi gani? Na nani aliliweka pale mwambani, karatasi isilowe, likisubiri shujaa? Ukiona kitu katika gemu yako kipo tu kwa sababu mchezaji anatakiwa kupewa habari, kitoe.

Sisemi sauti ya binadamu ni haramu. Aquaria ya mwaka 2007, kazi ya Derek Yu na Alec Holowka, ina msimulizi, naye ni Naija, mhusika mkuu mwenyewe, akikumbuka yaliyompata. Inafaa kwa sababu mbili. Anasema kidogo, tena baada ya kimya kirefu. Na kuimba ndiyo kazi yake katika gemu: mchezaji anaunganisha noti, wimbo unambadilisha umbo. Sauti yake imeshakuwa mkononi mwako kabla haijafika masikioni.

Sasa hii kozi. Sitaitaja, na zipo nyingi, zote zinafanana kama zimetoka kwenye photocopy moja. Zinauza kiolezo cha hadithi, jaza jina la shujaa hapa, jina la adui pale, pata bango la kuonyesha kwamba umehitimu. Wengine sasa wanauza programu inayokutolea kurasa hamsini za historia ya ulimwengu wako kwa dakika moja. Hatua kumi na mbili zimetoka kwa waandishi wa filamu, watu ambao watazamaji wao wamekaa vitini mikono mitupu. Mtazamaji wako ana vitufe. Anayekuuzia kiolezo bila kukuuliza vitufe vyako vinafanya nini hajawahi kumaliza gemu, au amesahau ilivyokuwa.

Hasara yake haiishii kwenye pesa ya kozi, na hili nawaambia wote, si wewe tu. Ukisharekodi msimulizi, umeifunga gemu. Sauti inasema "akavuka mapango matatu". Majaribio yanaonyesha pango la pili linachosha. Unajua unatakiwa kulifuta, lakini umeshalipia sentensi. Kwa hiyo pango linabaki. Kisha bosi mbaya anabaki, kisha hatua nzima inabaki, kwa sababu filamu imemtaja. Vijana wananiletea filamu nzuri za dakika tano zenye gemu mbovu nyuma yake, na wakati huo hakuna tena fedha ya kurekebisha chochote.

Fanya hivi: rudisha pumzi, jenga upya hatua ya kwanza pamoja na mtoto, zima sauti zote za maneno, futa maandishi, umpe mtu ambaye hujamweleza lolote. Usikae karibu naye ukimpa vidokezo. Akimaliza, muulize nini kimetokea. Akisema "amempoteza mtoto", huhitaji filamu. Akisema "niliogelea nikaokota sarafu", tatizo liko kwenye hatua, na filamu haitalificha.

Ikibaki sentensi ambayo mwili wa nguva umeshindwa kabisa kuisema, iandike, ipunguze, ndipo umwite yule mtu wa sauti. Mlipe kwa mstari, si kwa dakika, na mkubaliane kwa maandishi kwamba atarudi kurekodi upya mistari itakayobadilika.