Neno "mzigo" na mawakala wanaopishana

Ndugu yangu, umeuliza kama kila wakala wa programu (programu inayofanya kazi yenyewe na kutumiana ujumbe na nyingine) abaki na nakala yake ya ontolojia, yaani maelezo rasmi ya dhana na uhusiano wake, au wote wasome moja iliyo kwenye seva, kwa sababu wakala wa ghala na wa usafiri wameanza kupishana juu ya neno "mzigo".

Ningekushauri uwe na msamiati wa pamoja, lakini mdogo sana: maneno wanayotumiana kwenye ujumbe tu. Mengine yabaki kwa mwenyewe. Kwa ghala mzigo ni katoni 1, kwa usafiri ni lori zima, na wote wako sahihi. Usiwalazimishe. Tengeneza dhana mbili, kisha andika uhusiano wake: shehena ina katoni.

Kinachoumiza zaidi ni matoleo tofauti ya ontolojia. Viwango vya FIPA, vya mawasiliano kati ya mawakala wa programu, vinaupa ujumbe sehemu ya kutaja ontolojia iliyotumika. Tafadhali usiiache tupu! Ijaze, pamoja na namba ya toleo. Wakala asiyelijua toleo hilo ajibu kwamba hajaelewa. FIPA ina aina ya ujumbe kwa kazi hiyo hasa. Afadhali akatae waziwazi kuliko akisie kimyakimya, halafu lori liondoke na katoni moja.

Ukiandika kwa OWL 2, lugha ya kuandikia ontolojia, usifute dhana ya zamani. Iwekee alama kwamba imeachwa, maana huenda wakala mmoja bado anaitegemea. Na mabadiliko ya msamiati wa pamoja yapitie kwa mtu mmoja kwanza, hadi mfumo utulie.