Maswali ya Wasomaji: Ngome ya Chuo Baada ya Mechi ya Kwanza

Barua nyingi tulizopokea baada ya mechi za ufunguzi wa msimu wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ile ya kukimbia na mpira mikononi na kuurusha, zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: je, ulinzi tuliouona siku ile ndio tutakaokuwa nao hadi Novemba? Tumechagua barua sita, na mwandishi wetu wa michezo amezijibu.

SWALI: Timu yetu ilishinda mechi ya kwanza, lakini ngome iliruhusu alama 31 na zaidi ya yadi 450. Wenzangu ninaotazama nao mechi wanataka kocha wa ulinzi aondolewe mapema. Je, mechi moja inatosha kuihukumu ngome? *Shabiki, Texas*

JIBU: Ndugu yangu, mechi moja inatosha kukuonyesha aina ya tatizo, ila haitoshi kukuonyesha ukubwa wake. Ndiyo maana swali la kwanza la kujiuliza ni namna yadi hizo 450 zilivyopatikana, kabla hata ya kuuliza ni ngapi.

Kuna makosa ambayo ni ya mechi ya kwanza kweli. Tofauti na ligi ya kulipwa ya NFL, ambayo huwa na mechi za maandalizi mwezi Agosti, timu za vyuo huingia msimu moja kwa moja kutoka mazoezini, na mazoezini makocha huepuka kuwaruhusu wachezaji waangushane kwa nguvu zote kwa kuogopa majeraha. Matokeo yake ni kwamba mlinzi anafika mahali panapostahili, anamshika mwenye mpira, kisha anamwachia. Isitoshe, tangu mwaka 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kulazimika kukaa nje msimu mmoja, kwa hiyo si ajabu kuona safu ya nyuma ambayo nusu yake haijawahi kucheza pamoja. Makosa ya kupishana, ya kusimama mahali pasipofaa na ya kukaba ovyo hupungua wiki kwa wiki, mradi kocha anajua kazi yake.

Kuna mengine yasiyopungua. Ikiwa wanaume wa mstari wa mbele walisukumwa yadi mbili au tatu nyuma kila mpira ulipoanza, wiki moja ya mazoezi haitawaongezea uzito. Ikiwa lainibeki, yaani walinzi wanaosimama nyuma ya mstari wa mbele, walichelewa kila mara mpinzani alipokimbilia pembeni, hawatapata mbio mpya kufikia Jumamosi ijayo. Zito kuliko yote ni pale mpango wenyewe wa kocha usipolingana na wachezaji alionao au na mpinzani aliye mbele yake, naye asibadilike.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoukumbuka ni wa Septemba 26, 2020, siku ambayo LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana), mabingwa wa taifa wa msimu uliotangulia, walifungua msimu nyumbani kwao Baton Rouge na kuchapwa 44 kwa 34 na Mississippi State. Kwotabeki wa wageni (kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), K.J. Costello, alirusha yadi 623, rekodi ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, kwa mechi moja. Wapo waliojifariji kwamba Derek Stingley, beki bora wa LSU, alikuwa mgonjwa na hakucheza, kwamba wachezaji wengi wa kikosi cha ubingwa walikuwa wameondoka, na kwamba kocha Mike Leach, aliyekuwa akiiongoza Mississippi State kwa mara ya kwanza, alikuja na mtindo wa pasi nyingi ambao ligi hiyo haikuuzoea. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini aliyetazama kwa makini aliona kwamba LSU waling'ang'ania ulinzi wa mtu kwa mtu hata pale wapokeaji walipokuwa wakikata katikati ya uwanja bila kuguswa. Wiki iliyofuata Arkansas waliwarudisha nyuma wachezaji wanane kulinda maeneo, wakawaacha watatu tu wamwendee kwotabeki, na Mississippi State ileile ikaambulia alama 14. Wiki moja baadaye ikapata alama 2 mbele ya Kentucky. LSU nao waliichapa Vanderbilt 41 kwa 7, mashabiki wakapumua, kisha Missouri wakawafunga alama 45. Walimaliza msimu kwa kushinda mechi tano na kupoteza tano, na kocha wa ulinzi akaondoka.

Kwa hiyo kabla ya kuungana na wenzako, itazame mechi tena ukiwa na karatasi. Kwa kila mchezo, yaani tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama, andika ni jaribio la ngapi kati ya manne ya kupata yadi kumi, zilihitajika yadi ngapi na zikapatikana ngapi. Wachambuzi wengi huhesabu kwamba washambuliaji wamefaulu wakipata nusu ya yadi zinazohitajika katika jaribio la kwanza, asilimia 70 katika jaribio la pili, na yadi zote katika la tatu au la nne. Ukikuta mpinzani wenu alifaulu mara chache lakini alipata michezo minne au mitano ya yadi 40 kila mmoja, basi mna ngome inayofanya kazi kwa muda mrefu na kulala usingizi kwa muda mfupi, na hilo kwa kawaida hurekebishika. Ukikuta alifaulu zaidi ya nusu ya michezo yake, akitembea yadi tano, sita, tano, nne, bila haraka na bila kubahatisha, hapo mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi hata kama alama zilizofungwa ni chache. Ondoa pia michezo ya robo ya mwisho iwapo mlikuwa mmeshaongoza kwa mbali na wachezaji wa akiba wameingia, na uangalie alama zilizotokana na mpira ambao washambuliaji wenu wenyewe waliupoteza karibu na lango lenu. Alama hizo si deni la ngome.

SWALI: Takwimu zinaonyesha kuwa tuliwaruhusu wapinzani yadi 38 tu za kukimbia na mpira. Je, nina haki ya kusema mstari wetu wa mbele ni imara? *Msomaji, Minnesota*

JIBU: Unayo haki ya kutumaini, lakini kwanza tazama ni mara ngapi mlimwangusha kwotabeki kabla hajarusha mpira. Katika takwimu za vyuo, yadi anazopoteza kwotabeki anapoangushwa hivyo hutolewa kwenye hesabu ya kukimbia, ilhali katika NFL hutolewa kwenye hesabu ya pasi. Shabiki aliyezoea ligi moja huisoma vibaya karatasi ya ligi nyingine. Timu iliyokimbia yadi 90 halali, kisha kwotabeki wake akaangushwa mara sita na kupoteza yadi 52, itaandikiwa yadi 38, na wewe utadhani mbio zake zilizimwa.

Mwaka 2021, Georgia walipofungua msimu mjini Charlotte na kuwashinda Clemson 10 kwa 3, Clemson waliandikiwa yadi 2 tu za kukimbia. Kwotabeki wao alikuwa ameangushwa mara saba. Hata ukizirudisha yadi hizo zilizopotea, mbio za Clemson zilikuwa hafifu, na ndiyo sababu hukumu iliyotolewa usiku ule ilisimama: ngome ile iliruhusu wastani wa alama 10.2 kwa mechi msimu mzima, Georgia wakawa mabingwa wa taifa, na walinzi wake watano wakachaguliwa katika raundi ya kwanza ya usajili wa NFL wa mwaka 2022, Travon Walker akiwa wa kwanza kabisa. Gawanya mbio halisi kwa idadi ya mara walizokimbia. Ikiwa wastani ni chini ya yadi tatu na nusu, tembea kifua mbele.

SWALI: Tulishinda 52 kwa 0. Kwa nini wachambuzi hawatusifu? *Shabiki, Kentucky*

JIBU: Kwa sababu wameangalia mliocheza nao. Vyuo vikubwa hupenda kufungua msimu na timu za daraja la chini, liitwalo FCS, ambalo kwa miaka mingi liliruhusiwa ufadhili wa masomo 63 tu kwa kikosi, wakati daraja la juu lilikuwa na 85. Kutoruhusu alama hata moja ni jambo jema, lakini mechi ya namna hiyo ina thamani pale tu unapotazama kipindi cha kwanza, walinzi wa kwanza wakiwa uwanjani, na kuona kama walikuwa wakishinda kwa mpangilio au kwa nguvu za mwili pekee. Walinzi wa akiba walioingia baadaye wanastahili macho yako pia, maana ndio mtakaowahitaji mtu atakapoumia Oktoba.

SWALI: Mimi ni mama wa mwanafunzi wa chuo ninachokishangilia. Beki wetu wa pembeni alipitwa mara mbili kwa pasi ndefu, na watu waliokaa karibu nami walimtukana hadi mwisho wa mechi. Nilitaka kujua kama kosa lilikuwa lake kweli. *Mama, North Carolina*

JIBU: Shikamoo mama. Huenda kosa lilikuwa lake, lakini hilo haliamuliwi kwa kuangalia ni nani aliyekuwa karibu na mpira ulipotua.

Hesabu kwanza muda ambao kwotabeki alikaa na mpira. Akiurusha ndani ya sekunde mbili na nusu, mzigo unaelekea kwa mabeki; akisimama sekunde nne au tano akichagua, basi walioshindwa ni wale waliopaswa kumfikia, kwa sababu hakuna beki anayeweza kumfuata mpokeaji mwenye kasi kwa muda wote huo. Halafu mtafute sefti, yule mlinzi wa mwisho. Katika mipango mingi ya kulinda maeneo, beki wa pembeni humwachia mpokeaji anayekata kuelekea ndani akijua kuwa sefti yuko nyuma yake. Sefti akidanganyika kwa mbio za uongo na kukimbilia mbele, kijana wa pembeni anaonekana kwenye televisheni akimfukuza mtu ambaye hakuwa wake.

Kuna jambo lingine ambalo watazamaji wengi hawalizingatii. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi moja, na katika mchezo wa vyuo mistari midogo ya kuwekea mpira iko mbali zaidi na katikati kuliko ile ya NFL. Mpira ukiwekwa kwenye mstari wa upande mmoja, upande huo hubaki na yadi 20 na upande wa pili na zaidi ya 33. Beki anayelinda upande mpana anaachwa na eneo kubwa mno, na makocha wa ushambuliaji wanalijua hilo na kulitumia.

Lililo lake kwa hakika ni hili: kama alikuwa akimtazama kwotabeki huku mpokeaji akimpita, au kama alifika kwa wakati lakini hakugeuza kichwa kuutafuta mpira. Hayo ni ya kufundishika. Kuhusu matusi, sina la kuwatetea waliotukana. Aliyeko uwanjani ni kijana wa miaka 19 au 20 ambaye Jumatatu ana darasa, na anayelipa tiketi ananunua haki ya kutazama na kushangilia, basi.

SWALI: Tumefungwa zaidi ya alama 40 nyumbani. Je, msimu umekwisha? *Shabiki aliyevunjika moyo, Colorado*

JIBU: Pole sana. Historia inajibu kwa sauti mbili. Septemba 2, 2023, Colorado walikwenda kwa TCU (Texas Christian), timu iliyokuwa imefika fainali ya taifa msimu uliotangulia, wakashinda 45 kwa 42 huku Shedeur Sanders akirusha yadi 510. Nchi nzima ilizungumzia washambuliaji. Wachache walisema kwamba ngome zote mbili zilikuwa zimevuja, nao ndio waliokuwa sahihi: Colorado walimaliza na ushindi wa mechi 4 katika 12, na TCU 5.

Upande wa pili wako Michigan wa mwaka 2007. Walikuwa wa tano kwenye orodha ya timu bora, wakafungwa nyumbani 34 kwa 32 na Appalachian State wa daraja la FCS, na wiki iliyofuata Oregon wakawachapa 39 kwa 7. Timu zote mbili zilitanua wachezaji uwanja mzima na kumtumia kwotabeki mwenye mbio, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa uleule mara mbili. Kisha Michigan wakashinda mechi nane mfululizo, ya kwanza ikiwa dhidi ya Notre Dame, 38 kwa 0. Ni kweli kwamba Notre Dame walikuwa dhaifu mwaka ule, lakini mechi nane haziji kwa bahati tupu, na Michigan walimaliza na ushindi 9 na vipigo 4.

Usisahau pia aina ya mpinzani. Mwaka 2014 Ohio State walifungua msimu dhidi ya Navy, chuo cha jeshi la wanamaji, wakashinda 34 kwa 17 lakini wakaruhusu zaidi ya yadi 300 za kukimbia, kwa sababu Navy hucheza mtindo wa mbio ambapo kwotabeki huchagua papo hapo nani kati ya wachezaji watatu akimbie na mpira, mtindo ambao ngome nyingi hukutana nao mara moja kwa mwaka au wasikutane nao kabisa. Kuihukumu ngome kwa mechi ile kungekuwa dhuluma, na Januari 12, 2015, Ohio State walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Oregon 42 kwa 20. Kwa hiyo angalia mechi yenu ya pili. Mpinzani mwingine akiwaumiza kwa njia ileile, hofu yako ina msingi. Akiwaumiza kwa njia tofauti kabisa, huenda bado wanajipanga.

SWALI: Kwa nini walinzi wetu walikuwa wakigeuka kutazama benchi ilhali siku hizi kofia zina spika? *Mwanafunzi, Ohio*

JIBU: Tangu mwaka 2024 mlinzi mmoja tu aliyeko uwanjani huruhusiwa kuwa na kofia yenye spika katika daraja la juu, na sauti ya kocha hukatika zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mchezo, au mpira ukianza kabla ya hapo. Mpinzani akicheza kwa haraka, au akibadili mpangilio wake katika sekunde hizo za mwisho, ishara za mikono kutoka benchi bado zinahitajika. Wakigeuka mara chache, hilo ni la kawaida. Kama waligeuka karibu kila mchezo na mpira ukaanza wakiwa bado wanaelekezana, basi mlinzi mwenye spika hajaimudu kazi ya kuwapangia wenzake, na hilo ndilo ningeliangalia kwanza katika mechi ijayo.