Usiache mafuta yote
Ndugu yangu wa Kisumu, nimekuelewa: mama yako ana kisukari, nawe umeongezeka kitambi, ndiyo maana unauliza kama uache mafuta kabisa. Usiyaache yote. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga ina 4, kwa hiyo anayemimina bila kupima hunenepa upesi, na unene wa tumboni hudhoofisha kazi ya insulini, yaani homoni inayodhibiti sukari kwenye damu. Samaki mpike kwa mchuzi wa nyanya badala ya kumkaanga, punguza mafuta ya kuganda, nayo parachichi ule kwa kiasi. Ugali, ambao ni wanga, pia upunguze, ingawa wengi hulaumu mafuta pekee. Kapime sukari kabla ya kifungua kinywa, na ukiona kiu isiyokatika au kukojoa mara kwa mara, muone daktari bila kukawia.