Nyota njema huonekana asubuhi? Majibu kwa mashabiki wa kikapu cha vyuo

Wiki hii tunabaki Marekani, kwenye mpira wa kikapu wa vyuo, maana maswali ya makocha yamejaa. Mengi ni swali moja lililobadilishiwa kanzu. Mengine nimeyaacha kwa sababu niliyajibu mwezi uliopita na aliyeuliza hakusoma.

Kocha wetu mpya ameshinda mechi 11 kati ya 12. Nyota njema huonekana asubuhi, au siyo? (Morogoro)

Amewafunga akina nani? Umeandika mistari minane ya sifa na hukutaja mpinzani hata mmoja. Novemba na Desemba vyuo vikubwa huvialika vyuo vidogo uwanjani kwao na kuvilipa. Mgeni anafungwa kwa tofauti ya pointi 30, anapanda basi na hundi yake mfukoni. Ni biashara halali, na vyuo vidogo vinaitegemea, ila kocha hapimwi kwa vibonde wa kununua. Januari zikishika kasi mechi za ligi yenu, tena ugenini, ndipo uniandikie.

Hata Krzyzewski, yule kocha gwiji wa zamani wa chuo cha Duke, alianza kwa vipigo. Kwa nini wetu asivumiliwe? (Nairobi)

Hii ni mara ya nne mwaka huu. Kila kocha anayezama anatupiwa jina la Krzyzewski kama boya, na wanaolitupa wanajua nusu ya hadithi.

Nusu mnayoijua ni hii. Aliingia Duke mwaka 1980, na misimu mitatu ya kwanza ikampa ushindi 38 na vipigo 47. Machi 1983 Virginia wakamchapa 109 kwa 66, kelele za kumfukuza zikapanda, lakini mkurugenzi wa michezo, Tom Butters, akakataa. Mazoezi ya kwanza ya msimu uliofuata, wachezaji waliingia ukumbini wakakuta ubao wa matokeo umewashwa: 109–66.

Nusu msiyoisimulia ni nani waliokuwa wanafungwa. Johnny Dawkins, Mark Alarie, Jay Bilas na David Henderson walikuwa watoto wa mwaka wa kwanza, usajili wa 1982, na usiku ule walikuwa wanapambana na Ralph Sampson wa Virginia, futi 7 na inchi 4, mwaka wa nne. Walibaki pamoja. Kufika 1986 walishinda mechi 37 na kucheza fainali.

Kwa hiyo ndugu yangu, dakika nyingi za kikosi chako anacheza nani? Ukiniambia ni wakubwa wanaomaliza chuo Mei, basi hapo hapajengwi kitu, mnafungwa tu. Halafu dunia yenyewe imebadilika. Tangu 2021 mchezaji anahama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Louisville chini ya Kenny Payne walishinda mechi 4 na kupoteza 28, msimu wa pili wakashinda 8 na kupoteza 24. Mwaka 2024 akaja Pat Kelsey na kikosi karibu chote kipya, akashinda 27 na kupoteza 8 kwa msimu mmoja. Baada ya hapo, kocha anayekuomba miaka minne aje na sababu nzito kuliko jina la Krzyzewski.

Usajili wetu umeshika namba moja kitaifa. Ubingwa huo? (Arusha)

Hapana. Msimu wa 2016/17 Washington walikuwa na Markelle Fultz, aliyekuja kuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na timu za NBA, ligi ya kulipwa. Timu ilishinda 9, ikapoteza 22, na kocha Lorenzo Romar akafungashiwa virago. Mtoto mmoja hakabi watu watano.

Kocha akibeba ubingwa mapema, mjadala si umekwisha? (Muscat)

Muulize Kevin Ollie. Alibeba na Connecticut mwaka 2014, msimu wake wa pili, akiwa na Shabazz Napier, mchezaji aliyeletwa na Jim Calhoun, kocha aliyemtangulia. Mwaka 2018 akatimuliwa. Aliyempokea, Dan Hurley, alianza na ushindi 16 na vipigo 17. Nyie mngemfukuza. Akachukua ubingwa 2023, akarudia 2024.

Anayenifurahisha zaidi ni Matt Doherty wa North Carolina. Msimu wa kwanza alishinda 26, akapewa tuzo ya kocha bora wa taifa na shirika la habari la AP, kwa wachezaji aliowarithi. Wa pili akashinda 8 na kupoteza 20. Mwaka 2003 akaondoka. Vijana aliowasajili yeye, Raymond Felton, Sean May na Rashad McCants, walibeba ubingwa 2005 chini ya Roy Williams. Alisifiwa kwa shamba la mwenzake, na la kwake likavunwa na mwingine.

Nani kocha zaidi, Scheyer wa Duke au Hubert Davis aliyepewa North Carolina mwaka 2021? (Dodoma)

Hilo lipelekeni kijiweni, kwenye kahawa.

Basi wewe unapima kwa nini? (Mombasa)

Naangalia msimu wa pili unapoanza: nani wamebaki, na nani aliyekuja bila kelele. Todd Golden alianza Florida kwa ushindi 16 na vipigo 17. Mwaka 2025 akawa bingwa, na nguzo zake zilitoka vyuo ambavyo wengi wenu hamvijui: Walter Clayton Jr. alitoka Iona, Will Richard alitoka Belmont. Jicho la namna hiyo halionekani kwenye orodha za usajili.

Shikamoo mzee. Mdogo wangu ana futi 6 na inchi 10. Makocha wawili wa vyuo vya Marekani wamempigia. Aende kwa mwenye rekodi nzuri? (Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Aende kwa yule ambaye bado atakuwepo kazini baada ya miaka mitatu. Hasheem Thabeet alipotua Connecticut, msimu wa kwanza timu ilishinda 17, ikapoteza 14, na mashindano ya ubingwa wa taifa ya Machi wakayaangalia kwenye televisheni. Calhoun alikuwa na ubingwa wa 1999 na 2004, hakuna wa kumgusa, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kumfundisha taratibu kijana aliyeanza kikapu ukubwani. Msimu wa tatu wakafika nusu fainali ya taifa. Usiku ule tulikesha kwa jirani mwenye dishi, saa saba, watu tisa kwenye mkeka mmoja, na vile vipigo 14 hakuna aliyevitaja. Karibu miezi mitatu baadaye akachaguliwa wa pili NBA.

Kocha anayeogopa kufukuzwa hana muda wa kumlea mtoto. Atamweka benchi na kununua mtu mzima kutoka chuo kingine. Mwulize kila mmoja mkataba wake umebaki miaka mingapi, na warefu aliowasajili miaka miwili iliyopita wako wapi sasa. Akiahidi fedha, jibu kwamba viza ya mwanafunzi inabana kazi za kulipwa, na mwanasheria wa uhamiaji aone karatasi kabla ya mdogo wako kusaini. Na yule wakala wa WhatsApp uliyemtaja mwisho wa barua, anayetaka "ada ya usajili" kwanza, msimtumie hata senti.