Wakala, Ndugu au Mwenyewe? Wenye Nyumba Wauliza

*Assalamu alaikum. Nina nyumba sita za chumba kimoja cha kulala Kiembeni, Mombasa, kila moja shilingi 12,000 kwa mwezi. Niko Doha kikazi, mwaka wa tatu huu. Kodi hukusanywa na mdogo wangu, lakini hesabu haikosi kasoro: huyu kalipa nusu, dalali kachukua chake, maji yamenunuliwa. Wakala mmoja anataka asilimia 10. Nimpe, au nitakuwa natupa pesa? – Dada wa Kiembeni*

Waalaikum salaam, dada. Nyumba sita kwa 12,000 ni 72,000, na fungu la wakala hapo ni 7,200 kwa mwezi. Akiwa amesajiliwa kwa VAT, kamisheni yake huongezwa asilimia 16, yaani 1,152, ikawa 8,352. Inauma, lakini nyumba moja ikikaa tupu mwezi mmoja tu umepoteza 12,000. Basi kabla ya kuvutana naye juu ya asilimia, muulize mpangaji akihama huchukua siku ngapi kuingiza mwingine, na kama kazi hiyo ina ada yake mbali. Wako mawakala wanaotoza nusu ya kodi ya mwezi wa kwanza, na wengine mwezi mzima, juu ya ile asilimia. Nyumba zako zikihamwa mara nne kwa mwaka, ada ya mwezi mzima ni 48,000. Ijumlishe na kamisheni ya mwaka, 86,400, uone ile asilimia 10 ilivyokwisha kuwa 15 na ushei, na VAT bado hatujaigusa.

Mkataba useme "asilimia 10 ya kodi iliyokusanywa". Ukisema "ya kodi ya nyumba zote", utamlipa hata kwa nyumba tupu, naye hatakuwa na haraka ya kuijaza.

Linalowaumiza wengi walio mbali, hata hivyo, ni njia ya pesa. Kodi ikipitia kwa wakala, utapokea alichokuletea, si alicholipwa. Taka wapangaji walipe moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki kwa nambari ya Paybill ya benki hiyo, wewe uone jina la aliyelipa, kiasi na tarehe, kisha wakala alete ankara ya kamisheni yake. Wengine watakataa, kampuni kubwa zina utaratibu wao. Akikataa, basi awe na akaunti ya pesa za wateja iliyo mbali na pesa za ofisi, na mkataba utaje siku ya kukuletea kodi: tarehe 10, isipite. Pamoja na pesa alete karatasi yenye mistari sita, mmoja kwa kila nyumba: iliyodaiwa, iliyolipwa, tarehe, deni lililobaki. Karatasi inayoandika "jumla ya kodi 60,000" bila kutaja nani hakulipa, irudishe.

Dipoziti nazo zikae kwako. Sita kwa 12,000 ni 72,000 nyingine ambazo mkataba ukivunjika ndizo ngumu kuzikomboa, na mpangaji akihama atakudai wewe mwenye nyumba, hata kama risiti ina muhuri wa wakala.

Tarehe 10 tumeichagua kwa sababu ushuru wa kodi ya nyumba za kuishi hulipwa kwenye iTax, mtandao wa Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA), kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 kwa wanaopata zaidi ya 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka. Wewe unapata 864,000, kwa hivyo ni 5,400 kwa mwezi. Hutozwa juu ya kodi yote kabla ya gharama, hivyo kamisheni ya wakala haiupunguzi hata shilingi. Mwezi ambao hukupokea kitu, jaza ritani ya sifuri. Lakini kiwango hicho ni cha mkazi. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30. Sheria humhesabu mkazi mwenye makao ya kudumu Kenya aliyekuwapo nchini wakati wowote katika mwaka huo, kwa hivyo tunza tiketi na kurasa za pasipoti zenye mihuri. Na wakala akisema atakulipia ushuru, kila mwezi akutumie risiti ya KRA yenye PIN yako.

Sasa mdogo wako. Usimtoe, mbadilishie kazi. Ndugu hulipwa shukrani, na shukrani haina risiti. Ndiyo maana hesabu zake hazifungi. Mpe kiasi kinachojulikana kila mwezi, awe jicho lako kwa mambo mawili.

La kwanza ni maji. Ukikadiria watu watatu kila nyumba na lita 60 kwa mtu, ni lita 1,080 kwa siku. Boza la lita 10,000 likitimiza siku tisa, kila kitu ni sawa. Likiisha siku ya tano, kuna tangi linalovuja, boya la choo lisilofunga, au boza lililoletwa halikujaa. Mdogo wako apige picha ya tangi kabla na baada ya kujazwa. Mkataba wa wapangaji nao useme maji ya mfereji yakikatika nani analipa boza, na kwa mgawo gani. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huku kwetu huanzia hapo, na wakala asiyeujua atautatua kwa pesa yako.

La pili ni kutu. Kwa hewa yetu ya chumvi, vyuma vya madirisha huanza kuliwa chini, palipochomelewa na maji yanapotuama. Kukwaruza, kupaka rangi ya kuzuia kutu na kumalizia na ya mafuta ni kazi ya siku moja. Ukiacha mpaka chuma kitoboke, unanunua dirisha. La kuogopa zaidi ni mstari wa kahawia kwenye dari ya zege. Nondo ikishika kutu huvimba, ikalisukuma zege mpaka likabanduka vipande. Kupaka rangi juu yake ni kuficha tu. Zege bovu livunjwe mpaka nondo ionekane, isuguliwe, zege lijazwe upya, na kuvuja kwa juu kuzibwe kwanza.

Kwa nyumba sita na bahari katikati, tungempa wakala, mkataba wa miezi 12 unaovunjika kwa notisi ya mwezi mmoja, matengenezo yasiyozidi 3,000 afanye bila kukuuliza. Kabla ya kutia saini aonyeshe cheti cha mwaka huu kutoka Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Mali Isiyohamishika. Dalali mwenye simu na pikipiki hana cheti hicho, na hilo ni kosa kisheria.

*Nina nyumba moja ya kupangisha Tudor, mimi naishi ghorofa ya juu. Mpangaji ana deni la miezi miwili. Nitafute wakala amkabili, mimi sipendi maneno? – Mzee wa Tudor*

Hapana, mzee wetu. Unayoyaona ukishuka ngazi, wakala atakutoza kuyajia. Mwandikie mpangaji barua ya deni yenye kiasi na tarehe, nawe ubaki na nakala aliyoitia saini. Mkiafikiana alipe kidogo kidogo, iandikeni hapo hapo. Asipotimiza, upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi ya mwezi mmoja, kisha ni mahakama. Usimfungie kwa kufuli, wala usikate umeme au kutoa mlango. Utajikuta wewe ndiye mshtakiwa. Akihama, mlipe dalali mara moja kwa kukutafutia mwingine, basi.

*Nyumba yetu ya Majengo ina duka chini, mpangaji hana mkataba wa maandishi. Wakala amempa notisi ya mwezi mmoja, naye amecheka tu. – Ndugu Watatu*

Ana sababu ya kucheka. Duka lisilo na mkataba wa maandishi linalindwa na Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Notisi huandikwa kwenye fomu iliyowekwa na sheria hiyo, ikiwa na sababu, na haianzi kazi kabla ya miezi miwili tangu aipokee. Mpangaji ana mwezi mmoja wa kujibu kama anakubali, na kabla notisi haijaanza kazi anaweza kulipeleka shauri kwenye Baraza la Upangaji wa Majengo ya Biashara. Ile ya wakala ni karatasi tu. Mwambieni aiandike upya, na akiwadai ada ya notisi ya kwanza, msilipe.