Muulize Fundi: Aisi Zangu Zinapasuka

Swali: Mzee fundi, habari za Kibuye? Mimi ni mwanafunzi, naishi Nyalenda hapa Kisumu. Nimeunda amplifaya ya aisi mbili za TDA2050 (vile vipande vidogo vyeusi vinavyokuza sauti) na spika mbili za omu 8. Transfoma niliitoa kwenye stirio kuukuu ya mjomba, imeandikwa 18-0-18, yaani volti 18 kila upande wa waya wa katikati. Nilipowasha ililia vizuri dakika tatu hivi, kisha aisi moja ikapasuka. Nikabadilisha, ikapasuka tena. Rafiki yangu anasema nimeuziwa aisi feki. Mwingine anasema niachane na transfoma, niunganishe chaja mbili za laptopu. Nimsikize nani?

Jibu: Kijana wangu, kabla hujamlaumu muuzaji, chukua mita. Hiyo 18 ni volti za AC, stima inayokwenda na kurudi. Zikishapita kwenye daiodi, zinazoruhusu stima iende upande mmoja tu, na kujaa kwenye kapasita, zinazoihifadhi, zinapanda hadi kilele cha wimbi: zidisha 18 kwa 1.414, upate 25 na ushei, daiodi ichukue karibu volti moja. Nayo TDA2050 mwisho wake ni volti 25 kila upande, wa chanya na wa hasi. Hapo tayari uko ukingoni. Sasa igeuze transfoma usome upande unaoingia stima. Stirio nyingi za zamani zilikuwa na transfoma ya 220, na stima yetu ni 240. Basi 18 yako imekuwa karibu 20, na baada ya daiodi ni 27. Tena namba ya transfoma huandikwa ikiwa imebebeshwa mzigo. Muziki ukinyamaza, volti zinapanda zaidi. Ukikuta 29, usishangae.

Nilipoanza kazi hii niliwaundia watu wa kanisa amplifaya huko Ahero. Jioni tuliijaribu, ikalia safi. Usiku wa manane, vijiji vilipozima taa na stima ikapata nguvu, tukasikia "pa!" kama bisi kwenye sufuria, harufu kali ikajaa pale mbele. Kesha liliendelea kwa sauti za watu tu mpaka asubuhi. Aisi yenyewe niliibeba mfukoni: ilikuwa na tundu katikati, dogo kama kichwa cha kiberiti. Tangu hapo hakuna amplifaya inayotoka kibandani kwangu kabla sijapima volti zake usiku.

Kwa hiyo tafuta transfoma ya 15-0-15 iliyoandikwa 240 upande wa stima. Ukikosa, chukua 12-0-12; utapoteza sauti kidogo lakini utalala. Kwa 15 utapata kama volti 20 kila upande, na kwenye spika ya omu 8 hizo ni wati 18 hivi kwa kila spika. Kwa chumba cha Nyalenda, majirani watakufahamu.

Kuhusu ampea, usiamini karatasi iliyobandikwa. Amplifaya yako ikilia kwa nguvu zote itavuta karibu wati 55, kwa hiyo nataka transfoma ya VA 80 (VA ni volti mara ampea). Ya namna hiyo ina uzito unaozidi kilo moja. Ukiletewa kitu chepesi kama kopo tupu la chai kimeandikwa "5A", kirudishe. Uzito wa chuma na shaba ndio ninaouamini.

Kapasita weka maikrofaradi 10,000 kila upande, za volti 35. Daiodi zinazijaza mara 100 kwa sekunde, na kati ya mjazo mmoja na mwingine kapasita peke yake ndiyo inayolisha besi. Ukiweka ndogo, besi inalegea na mvumo unaingia. Ukizima, chaji inabaki humo, kwa hiyo fungia kila kapasita rezista ya kilo-omu 2.2 iimalize.

Chaja mbili za laptopu achana nazo. Nyingi zenye pini tatu huunganisha waya wake hasi na waya wa ardhi. Ukizipanga mfululizo, chaja moja inapigwa shoti kupitia waya wa ardhi wa ukutani. Chaja moja ya volti 19 na ampea 3.42 ni nzuri sana, lakini kwa bodi ya TPA3116, aina nyingine ya amplifaya, ambayo inafanya kazi kuanzia volti 4.5 hadi 26. Hiyo hata betri ya sola ya volti 12 inaiendesha stima ikipotea.

Siku ya kuwasha, pitisha stima kwanza kwenye balbu ya wati 60, ile ya waya, iliyofungwa mfululizo na transfoma, spika zikiwa zimetolewa. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea kupima. Ikibaki inawaka sana, zima. Pana shoti, na balbu imekuokolea aisi ya tatu.

Swali: Fundi, amplifaya yangu inavuma simu ikiwa kwenye chaja tu. Fundi wa hapa Kakamega ameniambia nikate waya wa ardhi kwenye plagi. Ni sawa?

Jibu: Hapana, dada yangu, usiukate. Kelele inapitia kwenye chaja ya simu. Chomoa chaja, simu ipige muziki kwa betri yake. Waya ule wa kijani na njano ndio unaokulinda siku transfoma ikivuja stima kwenye bati la boksi. Kama umeshakatwa, urudishwe leo, kabla mtoto hajaligusa boksi.