Kabla hujakubali apt ifute

Mtu akiniambia apt, chombo cha kusakinisha na kuondoa programu kwenye Debian au Ubuntu (aina mbili za Linux), inataka kumfutia programu nzima nzima, huwa namuuliza kwanza: ni orodha ipi kati ya zile apt inazoonyesha? Ziko mbili, na kila moja ina chanzo chake.

Orodha ya vifurushi (programu na vipande vyake) visivyohitajika tena haina haraka. apt hukumbuka kipi ulikiomba mwenyewe na kipi kiliandamana na kingine. Tuseme ffmpeg, programu ya kubadilisha sauti na video, ililetwa na Kdenlive, programu ya kuhariri video. Ukiiondoa Kdenlive, na hakuna kifurushi kingine kinachoitegemea wala kuipendekeza ffmpeg, basi hiyo nayo inangoja autoremove, amri ya apt ya kufagia visivyohitajika. Kwamba unaitumia kila siku kwenye skripti zako, apt haijui wala haina njia ya kujua. Iambie:

sudo apt-mark manual ffmpeg

Hapo imeshakuwa yako, haitaguswa tena na autoremove.

Orodha ya vitakavyofutwa sasa hivi ndiyo ya kusoma jina kwa jina. Hapa kuna mgongano: vifurushi viwili haviwezi kukaa pamoja, na apt imechagua kimoja. Mwaka 2024 Debian ilikuwa inahamisha hesabu ya muda kutoka biti 32 kwenda 64, kwa sababu ile ya zamani inafika ukomo tarehe 19 Januari 2038. Maktaba nyingi (vifurushi vya msimbo unaotumiwa na programu nyingine) zikabadilishwa majina, libssl3 ikawa libssl3t64, na ya zamani ikalazimika kuipisha mpya. Waliokuwa kwenye unstable, tawi la Debian linalobadilika kila mara, wakati huo walikuwa wakiagiza full-upgrade, sasisho linaloruhusu kufuta vifurushi, na kuonyeshwa orodha ndefu ya programu zisizo na kosa lolote, ila tu hazijaundwa upya kwa maktaba mpya. Dawa ilikuwa kungoja. Amri ya apt upgrade haifuti kifurushi kilichopo, kwa hiyo mimi huitanguliza hiyo.

Kwenye toleo tulivu, mara nyingi chanzo ni ghala la vifurushi la nje ya Debian au Ubuntu uliloongeza mwenyewe kwa ajili ya programu moja, ukalisahau. Ukitaka kumjua mgomvi, taja vyote viwili kwa majaribio, kile unachokitaka na kile kinachotishiwa:

apt -s install kipya cha-zamani

Badala ya kufuta kimyakimya, apt itagoma na kutaja nani hapatani na nani. Herufi -s inamaanisha hakuna kitakachobadilika.

Na kama ulishakubali, fungua /var/log/apt/history.log. Mstari wa Remove una majina yote pamoja na matoleo yake.